Kiswahili Hakina Bendera

Wasee, swali la haraka kabla hujaendelea kuskroli: ukiambiwa uweke bendera moja ya kuwakilisha Kiswahili kwenye tovuti, utaweka ya nchi gani?

Mimi niliweka ya Kenya. Sikufikiria hata sekunde mbili. Juu kulia, bendera tatu ndogo zimejipanga kama pipi: ya Uingereza kwa Kiingereza, ya Italia kwa Kiitaliano, ya Kenya kwa Kiswahili. Nikaegemea kiti, nikaangalia kazi yangu, nikajiambia, buda, wewe ni moto. Wiki ya pili dada mmoja wa Dar akaandika kwenye WhatsApp ya biashara, kwa adabu kabisa: samahani, hivi mimi Mtanzania inabidi nibonyeze bendera ya Kenya ndiyo nisome lugha yangu mwenyewe?

Sikuwa na jibu. Nilituma emoji ya kucheka, halafu nikazima simu.

Hii ni stori ya vile nilijenga tovuti ya shangazi yangu vibaya, nikaibomoa, nikaijenga tena. Na kilichonisumbua wakati wote hakikuwa rangi wala picha. Ni anwani. Ile laini ndogo ya maandishi juu ya brauza ambayo wengi wetu hatuisomi mpaka siku ikatae kufunguka.

Shangazi ana nyumba ya wageni Watamu. Vyumba vinne, paa la makuti, na kutoka langoni mpaka baharini ni mwendo wa dakika 10 ukiwa na ndara. Kama hujawahi kufika Watamu, jua kwamba kule Kiitaliano si lugha ya kigeni kihivyo. Waitaliano wamekuja Malindi na Watamu kwa miongo mingi, wengine wakajenga na kukaa kabisa. Utamkuta kijana wa ufuoni, hajawahi kutoka kaunti ya Kilifi, anabishana bei kwa Kiitaliano mpaka Mwitalia mwenyewe anasalimu amri. Shangazi pia anakiongea. Alijifunzia jikoni, akipikia watu kwa miaka 12 kabla hajafungua kwake.

Kwa hivyo wageni wake ni mchanganyiko. Waitaliano, familia za Nairobi wakati wa Krismasi na Pasaka, Watanzania wachache, na wale wazungu wengine wa kubeba begi mgongoni. Alitaka tovuti ya lugha tatu. “Baba,” aliniambia. Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la babake. “Baba, nataka mtu akiingia humo asikie kama amepiga hodi na mimi ndiye nimefungua mlango.”

Kiingereza niliandika mimi. Kiitaliano kiliandikwa na mgeni wake wa siku nyingi, bure, kwa mapenzi tu. Lakini Kiswahili ni chake mwenyewe. Usiku, akishamaliza kazi, alikuwa ananitumia sauti za WhatsApp, nyingine dakika 6, nyingine 8. Anaeleza kila chumba. Kwa nini kile cha nyuma kinaitwa cha Mbuyu na mbuyu wenyewe haupo tena. Vile changu wa nazi hupikwa kwake na kwa nini hataki kuweka bizari nyingi kama wengine. Saa ya kwenda Mkono wa Mida, maji yakiwa wapi. Mimi nikasikiliza na kuandika neno kwa neno. Zilifika sauti 23. Aki sijawahi kusoma tovuti ya nyumba ya wageni yenye maneno kama yale. Hakuna “paradiso” hata moja.

Sasa kosa.

Nilijiona mjanja. Nilitaka anwani moja tu, na jina la nyumba nitalibana, tuliite mfano. Kwa hivyo mfano.co.ke, basi. Halafu tovuti yenyewe ibahatishe mgeni ni nani. Ukifungua ukiwa Italia, inaangalia namba ya mtandao wako, inakupa Kiitaliano. Ukifungua ukiwa Kenya, Kiswahili. Wengine wote, Kiingereza. Na ukibonyeza bendera, kuki inakumbuka chaguo lako kwenye simu yako, lakini kule juu anwani haibadiliki. Bado ni mfano.co.ke. Niliona ni safi sana, kama nyumba yenye mlango mmoja.

Shida ya kwanza ilikuja na mama mmoja Mwitalia anayeishi Malindi. Alitaka kuwaletea shangazi ndugu zake kutoka Ulaya, vyumba vitatu, usiku 6. Shangazi akafungua ukurasa wa Kiitaliano kwenye simu yake, akanakili linki, akamtumia. Yule mama akafungua akiwa Malindi. Namba ya mtandao inasema Kenya, akapewa Kiswahili. Akapiga simu: umenitumia mbaya. Shangazi akatuma tena. Kiswahili tena. Akanipigia mimi, na mimi nikamwambia atume mara ya tatu, eti pengine mtandao ni mbovu.

Ukweli ni kwamba linki aliyokuwa akiitafuta haikuwepo. Hakukuwa na ukurasa wa Kiitaliano ambao unaweza kumtumia mtu. Kulikuwa na anwani moja yenye nyuso tatu, na uso utakaouona unategemea umesimama wapi.

Mwishowe yule mama akaona bendera ya Italia, akabonyeza, akapata lugha yake. Hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. Kwa sababu katika akili yangu nilikuwa nimefunga lugha na bei pamoja: Kiswahili ni shilingi na bei ya wakazi, Kiitaliano ni yuro na bei ya watalii. Mtu aliyekaa Malindi miaka 19, anayenunua mboga sokoni kwa Kiswahili, akaonyeshwa bei ya mtalii kwa sababu ya lugha ya mamake. Alidhani ni shangazi ameamua hivyo. Hakugombana. Alisema tu asante, na ndugu zake wakalala kwingine.

Vyumba vitatu, usiku 6. Msimu wenyewe ulikuwa umelala, ule wa mvua wa kuanzia Aprili, wakati watu wa Watamu wanahesabu shilingi. Mimi nilikuwa Nairobi nikinywa chai.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi na ilinichukua miezi minne kuijua. Siku moja nilikuwa natafuta tu, nikachukua sentensi moja ya shangazi, ile ya mbuyu ambao haupo, nikaiweka kwenye Google ndani ya alama za kunukuu. Zero. Nikajaribu sentensi ya Kiitaliano. Zero. Nikajaribu yangu ya Kiingereza, ikaja ya kwanza.

Hapo ndipo nilikaa chini nikasoma vile hii kitu hufanya kazi, jambo ambalo ningefaa kufanya kabla. Google haikai ofisini ikingoja uiambie una nini. Inatuma roboti, yaani programu inayozunguka intaneti ikifungua anwani moja baada ya nyingine na kusoma kilichomo. Ziara nyingi za roboti hiyo hutoka kwenye namba za mtandao za Marekani. Pia, brauza yako ikifungua tovuti huiambia kimyakimya kwamba mwenye simu hii anapenda lugha fulani. Roboti haisemi hivyo. Haibonyezi bendera kutafuta lugha, na haikumbuki kuki kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Sasa fikiria tovuti yangu inavyoiona. Mgeni kutoka Marekani, hana lugha anayopendelea. Mpe Kiingereza. Akirudi kesho, mpe Kiingereza. Miezi minne, Kiingereza. Zile sauti 23 zilikuwa ndani ya nyumba lakini hazikuwa na mlango wa kuingilia. Na wala Google haijaficha hili. Mwongozo wao unasema wazi, na ni wa bure: kila lugha iwe na anwani yake, na usimhamishe mtu kwa kubahatisha yuko wapi. Mimi nilikuwa bize kuchagua aina ya herufi.

Nilishuka Watamu kumweleza ana kwa ana, sikuweza kwa simu. Nilimkuta amekalia mbuzi anakuna nazi.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, baba. Mbona uso umekuwa hivyo?”

Nikaeleza. Roboti, Marekani, anwani. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukuna.

“Kwa hivyo yale niliyosema, hakuna aliyeyasikia?”

“Wa hapa Kenya waliyaona, wakifungua tovuti.”

“Aliyejua tayari kwamba nipo.”

“Ndiyo.”

“Na aliyekuwa anatafuta?”

“Hapana, Shangazi.”

Akageuza kifuu, akaendelea na upande wa pili. Hakuniambia neno baya. Heri angeniambia.

Tulianza upya usiku huohuo, mezani, yeye na miwani yake na mimi na laptopu. Nilimwonyesha vile wengine wamefanya, kwa sababu haya mambo hayajaanza na sisi.

Kuna wanaochukua jina la nchi. Kila nchi ina herufi mbili zake mwishoni mwa anwani: .ke ya Kenya, .tz ya Tanzania, .ug ya Uganda, .it ya Italia. Jumia wanafanya hivyo, Kenya wana jumia.co.ke, Uganda wana jumia.ug. Inaeleweka, kwa sababu duka la Kenya na la Uganda ni maduka mawili kweli. Bidhaa tofauti, pesa tofauti, pikipiki za kuleta mzigo tofauti. Hizi anwani huambia watu na Google pia kwamba hii ni ya nchi hii, bila kubabaisha. Lakini kila moja unailipia kila mwaka, na kila moja inaanza kujijengea jina kivyake. Na zingine huwezi kupata hata ukiwa na doo. Ya Italia wanaipa raia na wakazi wa Ulaya, kwa sheria zao. Shangazi alicheka: “Yaani wao wajenge ufuoni kwangu, mimi nisipate hata nukta yao?” Hiyo sikuijibu.

(Kando kidogo: si kila herufi mbili huchukuliwa kama nchi. Ile .tv unayoona kila mahali ni ya visiwa vya Tuvalu, na .me ni ya Montenegro, lakini zimetumiwa na dunia nzima mpaka Google huzihesabu kama za kila mtu. Tuvalu wanapata pesa nzuri tu kwa sababu nchi yao ilipewa herufi za televisheni. Bahati ya mwenzio.)

Kuna wanaoweka lugha mbele ya jina. Wikipedia ndio mfano wangu bora: sw.wikipedia.org. Angalia vizuri, hakuna nchi hapo. Si ya Kenya, si ya Tanzania, si ya Kongo. Ni ya yeyote anayesoma Kiswahili, hata akiwa jikoni Minnesota. Na kwenye orodha yao ya lugha hawaweki bendera, wanaandika jina la lugha kwa lugha yenyewe. Kiswahili. Italiano. English. Shangazi aliitazama hiyo orodha kwa muda, akasema, “Hivi ndivyo ulivyofaa kufanya.” Nikasema ndiyo.

Na kuna wanaotumia folda baada ya jina, kama BBC wanavyofanya, bbc.com/swahili, au DW na dw.com/sw. Nyumba moja, vyumba tofauti. Unalipia jina moja, unatunza tovuti moja, na sifa unayopata chumba kimoja inasaidia nyumba nzima. Kwa mtu mwenye vyumba vinne na mpwa mmoja anayefanya kazi hii wikendi, sikuona haja ya kufikiria zaidi.

Ile ya nne, ya kuweka alama ya kuuliza na maneno kama lugha=it mwishoni mwa anwani, niliipita haraka. Google yenyewe haiipendekezi, na mtu akinakili linki vibaya kile kipande cha mwisho ndicho hupotea kwanza.

Tatizo lililobaki ni ile .co.ke. Ukiwa na anwani ya Kenya, unaambia Google kwamba watu wako ni wa Kenya. Hiyo ni sawa kwa familia ya Nairobi. Lakini mtu aliye Bologna anayetafuta pa kulala kwa Kiitaliano, hutaki kuanza mazungumzo naye ukiwa umejifungia Kenya. Kwa hivyo inafaa jina lisilo la nchi, kama .com, halafu folda za lugha ndani yake. Kuna pia .africa, ilifunguliwa 2017, ambayo nayo si ya nchi moja. Niliipenda. Shangazi akaniuliza kama nimemwona mgeni yeyote akiiandika bila kukosea. Tukachukua .com.

Lakini kulikuwa na kibao. Barabarani pale unapokata kona, kuna kibao alichochorewa na fundi wa mabango, buluu na nyeupe, na mfano.co.ke kwa herufi kubwa. Kuna kadi 500 pia, kasha zima kabatini. Shangazi akakunja mikono. “Kibao changu hakiguswi.” Nikamwambia hakuna haja. Tutabaki na jina la zamani, tutaendelea kulilipia, na yeyote akiliandika atapelekwa kwenye jipya moja kwa moja. Kuna njia ya kuiambia dunia kwamba mtu huyu amehama kabisa, namba yake ni 301, na Google ikiiona inahamisha kumbukumbu zake taratibu kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Ukihama bila hiyo, kila linki ya zamani inakufa, na kila mtu aliyekuwa amekuhifadhi anakuta ukuta.

Mnaona vile hii kitu si ya kompyuta pekee? Ukikosea anwani mwanzoni, unakuja kuilipa kwenye rangi ya kibao.

Basi tukaenda kwenye folda, na hapa naomba mnicheke kwa kiasi. Nilizipa majina /uk/, /it/ na /ke/. Uingereza, Italia, Kenya. Bado nilikuwa na zile bendera kichwani. Kumbe kuna orodha mbili za herufi, moja ya lugha na nyingine ya nchi, na mimi nilikuwa nazichanganya kama mchele na mchanga. Kwenye orodha ya lugha, uk si Kiingereza. Ni Kiukreni. Kwenye orodha ya nchi Uingereza ni gb. Ile .uk ya mwisho wa anwani zao ni mazoea yao tu. Na ke kwenye orodha ya lugha haipo. Lugha yetu ni sw, popote ilipo.

Jina la folda lenyewe halikukamatishi, unaweza kuiita /mandazi/ ukitaka. Mambo yanaharibika kwenye lebo. Kila ukurasa wenye ndugu zake wa lugha nyingine unatakiwa kuwataja kwenye msimbo wake, kwa lebo inayoitwa hreflang, na hapo herufi lazima ziwe sahihi. Lugha inatangulia, nchi inafuata ukitaka. Kwa hivyo sw peke yake ni sawa: Kiswahili, mtu yeyote. sw-KE ni Kiswahili cha watu wa Kenya, sw-TZ cha Tanzania, sw-CD cha Kongo. Lakini nchi peke yake haikubaliwi. Huwezi kusema “huu ni ukurasa wa Kenya” bila kusema unaongea nini. Mimi karibu niambie dunia kwamba Kiingereza changu ni Kiukreni.

Na kutajana lazima kuwe kwa pande zote. Ukurasa wa Kiswahili ukisema ule wa Kiitaliano ni ndugu yangu, na wa Kiitaliano ukanyamaza, Google inapuuza. Ni kama jamaa anayezunguka mtaani akisema ameoa, na mke akiulizwa anasema huyo simjui. Nilikosea hapo pia, ukurasa mmoja wa chakula, ukakaa wiki tatu ukidai ndoa isiyokuwepo. Halafu kuna lebo ya x-default, ya kusema: ambaye hatujamwelewa, mpeleke hapa. Kwetu inaenda Kiingereza.

Jambo dogo lililonifurahisha: maneno ya anwani yenyewe unaweza kuyaandika kwa lugha husika. /it/camere, /en/rooms, /sw/vyumba. Na Kiswahili kina raha yake hapo, hakina nukta wala mikwaju juu ya herufi. Anwani ya Kiarabu ukiinakili wakati mwingine inakugeukia msururu wa asilimia na namba. Yetu inabaki inasomeka. Isipokuwa ile ng'. Ukurasa wa kuvuka Mida tuliuita ng'ambo, programu ikakata ile alama ikaweka kistari, ikawa ng-ambo. Shangazi akavaa miwani: “Ng ni nini, na ambo ni nini?” Nikaandika ngambo. Samahanini walimu.

Bei ndiyo niliyoogopa zaidi. Nilikuwa nimeshachora mpango mkubwa: Kiitaliano kwa watu wa Italia, Kiitaliano kwa wakazi wa Kenya, Kiswahili cha Kenya, Kiswahili cha Tanzania, Kiingereza cha huku, Kiingereza cha kule. Folda sita, kila moja na bei yake. Nilimwonyesha nikiwa najisikia. Akaniuliza maneno kwenye folda ya Kiswahili cha Kenya na ya Tanzania yanatofautiana wapi. Nikasema hayatofautiani. Bei je? Watu wa Afrika Mashariki wote analipisha bei ya wakazi, kwa hivyo nayo haitofautiani.

“Sasa unazaa mapacha wa nini? Andika bei zote mbili kila mahali. Mkazi hii, mgeni wa nje hii. Mtu anajijua alipo.”

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila ukurasa wa vyumba, kwa lugha zote tatu, una bei mbili, moja chini ya nyingine. Lugha unaichagua juu, kwa jina lake, bila bendera. Hakuna kinachobahatishwa. Ukifungua ukiwa mahali ambapo simu yako inaonyesha unapenda lugha nyingine, inatokea laini moja ndogo, “Ukurasa huu upo pia kwa Kiitaliano”, na ukiipuuza inakuacha. Shangazi alimpigia yule mama wa Malindi kumweleza kwamba bei ile haikuwa yake, ilikuwa ya mpwa wake. Mama akasema amesikia. Hajarudi bado, lakini alituma watu wawili Agosti.

Kwa njia, msidhani ni sisi wadogo tu tunahangaika na haya. Aprili 2025 Google wenyewe walitangaza kwamba anwani zao za nchi, ikiwemo google.co.ke tuliyokulia nayo, zitaanza kukupeleka google.com. Sababu yao ni kwamba siku hizi wanajua ulipo hata bila zile herufi za mwisho. Wao wana uwezo wa kujua. Mimi nilikuwa na mstari mmoja wa msimbo niliounakili usiku.

Wiki ya sita baada ya kuhama, nilirudia ile sentensi ya mbuyu kwenye Google. Ikaja. mfano.com/sw/vyumba, maneno yake mwenyewe, yote. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia, akajibu kwa sauti ya sekunde 4 ambayo ni kicheko tu.

Halafu Oktoba ikaja meseji kutoka Muscat. Mama mtu mzima, ameandika Kiswahili cha Pwani kilichonyooka, anasema wazee wake walitoka Zanzibar, wao kwa wao nyumbani bado wanaongea Kiswahili. Alikuwa anatafuta kwa Kiswahili mahali pa kulala Watamu, akasoma habari za changu wa nazi, akataka kujua kama ni kweli hatii bizari nyingi. Chini ya ile tovuti yangu ya kwanza mtu huyu angepewa Kiingereza, kwa sababu yuko Oman, na kwenye hesabu zangu Oman ilikuwa “wengine wote”. Shangazi alisoma ile meseji kwa sauti, mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama. Alijibu mwenyewe. Sikuruhusiwa kuigusa.

Jioni hiyo akaniuliza swali nililojua litakuja siku moja.

“Baba, na Kigiriama chetu kiko wapi humo?”

Nikafungua orodha. Ile ya herufi mbili ina Kikuyu, ki. Ina Kisomali, so. Ina Kiganda, lg. Kigiriama hakimo. Kiko kwenye orodha nyingine ndefu, ya herufi tatu, na herufi zake ni nyf. Lakini lebo ya hreflang, kwa mwongozo wa Google, inataka zile mbili. Nikamweleza: tunaweza kukifungulia folda, hakuna wa kutuzuia, na roboti itaingia isome kama inavyosoma kurasa zingine. Ila kwenye lebo, wakati kurasa zinatajana kama ndugu, huyu hatatajwa.

“Lakini mlango upo?”

“Mlango upo, Shangazi.”

“Basi fungua.”

Nimefungua, mfano.com/nyf/. Sasa hivi kuna ukurasa mmoja tu, na hauna picha kwa sababu hajaamua ni ipi. Sauti zimeanza kuingia tena usiku, hizi ni ndefu kuliko zile, na mimi niliyekulia Nairobi nalazimika kumpigia kila baada ya sentensi mbili kumuuliza neno linaandikwaje. Jana alinikatia simu. Alisema nimuulize mamangu.